Jirani Hasomwi kwa Miwani ya Kuazima

Ujinga juu ya nchi ya mbali ni hasara. Ujinga juu ya nchi jirani ni maangamizi. Hilo ni jambo ambalo watawala wengi wa nchi za Kiarabu wamelikwepa kwa zaidi ya nusu karne katika uhusiano wao na Iran. Wamenunua ndege za kivita kwa mabilioni ya fedha, wamejaza rada katika pwani za Ghuba, na wamekodi washauri kutoka London na Washington. Lakini kazi iliyo nafuu kuliko hizo zote, yaani kumwandaa kijana wa Kiarabu aweze kusoma gazeti la Tehran kwa Kiajemi, akaelewa linasema nini na linamsemea nani, wameiacha kama kazi ya watu wasio na shughuli.

Gharama ya uzembe huo imekwisha lipwa, tena kwa damu. Tarehe 22 Septemba 1980 majeshi ya Iraq yalivuka mpaka na kuingia Iran. Watawala wa Baghdad walikuwa wamepiga hesabu zao: kwamba nchi iliyotikiswa na mapinduzi ya mwaka 1979 haitaweza kustahimili, kwamba vita vitakwisha kwa muda wa wiki chache, na kwamba Waarabu wa jimbo la Khuzestan, maadamu ni Waarabu, watawapokea askari wa Iraq kama wakombozi. Hesabu zote tatu zilikuwa mbovu. Waarabu walio wengi wa Khuzestan hawakuinuka. Walikimbia mabomu pamoja na jirani zao, na wako walioshika silaha kuilinda ardhi yao. Mji wa Khorramshahr, uliotekwa mwezi Oktoba 1980, ulikombolewa na Wairani tarehe 24 Mei 1982.

Ndipo ikaja zamu ya Tehran kukosea. Mwezi Julai 1982 majeshi ya Iran yalivuka mpaka kuelekea Basra, na viongozi wake walitarajia kwamba Washia wa kusini mwa Iraq, maadamu ni Washia, watainuka dhidi ya Saddam Hussein. Nao hawakuinuka. Askari wa miguu wa jeshi la Iraq, ambao wengi wao walikuwa Washia, walipigania nchi yao kama Waarabu wa Khuzestan walivyopigania yao. Vita viliendelea hadi tarehe 20 Agosti 1988, vikaua mamia ya maelfu ya vijana wa pande zote mbili, na mpaka ukabaki pale pale ulipokuwa.

Makosa hayo mawili kwa hakika ni kosa moja. Baghdad ilisoma damu, Tehran ikasoma madhehebu, na hakuna iliyosoma jamii. Kila upande ulimtazama mwananchi wa upande wa pili kama mtu asiye na shamba, asiye na shule, asiye na kumbukumbu ya nchi yake. Kana kwamba ukijua kabila lake au msikiti anaoswali umekwisha jua atakavyotenda siku ya dhiki. Fikra hiyo ni ile ile ya mkoloni aliyeitawala Afrika kwa kuamini kwamba ukiisha orodhesha makabila umekwisha wajua watu.

Wala ujinga huo haukuwa wa bahati mbaya, ulipaliliwa. Mwaka 1981, vita vikiwa vimepamba moto, nyumba ya uchapishaji ya serikali mjini Baghdad ilitoa upya kijitabu cha Khairallah Talfah, mjomba na baba mkwe wa Saddam Hussein, kilichowataja Waajemi, Wayahudi na nzi kuwa viumbe watatu ambao Mungu hakupaswa kuwaumba. Serikali inayomchapishia raia wake upuuzi wa namna hiyo imejifumba macho kwa mikono yake yenyewe. Je, ni mtafiti gani angethubutu kuiambia kwamba Wairani watapigana? Na kama angethubutu, nani angemsikiliza?

Wako wanaojitetea kwa kusema kwamba elimu juu ya Iran ipo tele katika lugha za Ulaya, na kwamba Mwarabu mwenye haja nayo anaweza kuinunua. Hoja hiyo inafaa ipimwe kwa historia. Mwaka 1951 Bunge la Iran lilitaifisha mafuta yaliyokuwa mikononi mwa kampuni ya Waingereza, na Mohammad Mosaddegh akawa Waziri Mkuu. Mtaalamu mkubwa wa Uingereza juu ya Iran wakati huo alikuwa Ann Lambton wa Chuo Kikuu cha London, mwanamke aliyeijua ardhi ya Iran na wakulima wake kuliko mgeni mwingine ye yote, na ambaye kitabu chake juu ya makabaila na wakulima wa Iran kingali kinasomwa. Elimu yote hiyo ilitumikaje? Lambton aliishauri serikali yake isikubaliane na Mosaddegh, na akampendekeza Robin Zaehner apelekwe Tehran kufanya kazi ya chini kwa chini ya kumdhoofisha. Zaehner naye alikuwa mwanachuoni wa dini za Mashariki, ambaye baadaye alikuwa profesa Oxford. Tarehe 19 Agosti 1953 serikali ya Mosaddegh ilipinduliwa kwa mpango wa majasusi wa Marekani na Uingereza. Hiyo ndiyo elimu ambayo Mwarabu anaambiwa aiazime bila kuuliza imetoka wapi.

Ikumbukwe kwamba miezi michache baada ya kutaifisha mafuta, mwezi Novemba 1951, Mosaddegh alipita Cairo na kupokewa na umati mkubwa wa wananchi wa Misri, ambao wakati huo huo walikuwa wakidai majeshi ya Waingereza yaondoke katika Mfereji wa Suez. Wananchi wale hawakuwa na shahada za uhusiano wa kimataifa. Lakini waliona jambo ambalo washauri wa London hawakutaka walione: kwamba mvujajasho wa visima vya Abadan na mvujajasho wa Mfereji walikuwa na adui mmoja. Miaka mitano baadaye Gamal Abdel Nasser aliutaifisha Mfereji, na mtaa mmoja wa Cairo unaitwa kwa jina la Mosaddegh.

Kama elimu ya mabeberu imechafuliwa na masilahi yao, basi walau ingekuwa sahihi. Hata hilo halikuwa. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1977, Rais Jimmy Carter wa Marekani aliinua glasi mjini Tehran na kuisifu Iran ya Shah kuwa kisiwa cha utulivu. Tarehe 16 Januari 1979 Shah aliondoka nchini mwake asirudi tena. Katika miezi kumi na mbili na siku chache, maelfu ya washauri wa Marekani waliokuwa ndani ya Iran walishindwa kuona kilichokuwa kikichemka katika misikiti, katika masoko, na katika mitambo ya mafuta, ambako mgomo wa wafanyakazi mwishoni mwa mwaka 1978 ulivunja uti wa mgongo wa utawala ule.

Haisemwi hapa kwamba kila kitabu cha Ulaya na Marekani ni cha uongo. Viko vilivyoandikwa kwa uaminifu na kwa jasho, tena vingine na Wairani wenyewe walio uhamishoni. Tatizo ni kwamba kila mtafiti hujibu swali aliloulizwa. Washington huuliza: mafuta yatapitaje, Israel italindwaje, na mitambo ya nyuklia itazuiwaje? Mwarabu wa Basra ana maswali mengine: maji ya Shatt al-Arab yatagawanywaje, mahujaji wa Karbala watavukaje mpaka, mvuvi na mfanyabiashara wa Ghuba watafanyaje kazi pasipo kuogopa manowari? Majibu ya maswali hayo hayauzwi London, kwa sababu huko hayajaulizwa.

Wala haiwezi kudaiwa kwamba Waarabu hawana uwezo wa kazi hiyo. Sarufi ya kwanza kubwa ya lugha yao iliandikwa katika karne ya 8 na Sibawayh, ambaye alikuwa Mwajemi. Al-Biruni, aliyeandika kwa Kiarabu, alijifunza Kisanskriti mwanzoni mwa karne ya 11 ili aielewe India, akaandika juu ya dini na desturi za Wahindi kwa kuwaacha waseme wenyewe, wakati sultani aliyekuwa akimtumikia, Mahmud wa Ghazni, alikuwa akiivamia nchi hiyo hiyo kwa upanga. Upanga wa Mahmud umekwisha kutu. Kitabu cha Al-Biruni kinasomwa mpaka leo. Huo ndio urithi. Msomi wa Kiarabu hahitaji kwenda Oxford kufundishwa jinsi ya kumsoma jirani.

Katika karne ya 20 urithi huo ulifufuliwa Misri. Mwaka 1932 Abdel Wahhab Azzam alichapisha mjini Cairo tafsiri ya Kiarabu ya karne ya 13 ya Shahnama ya Firdausi. Mwaka 1944 Ibrahim Amin al-Shawarbi alitoa mashairi ya Hafez kwa Kiarabu, na Taha Hussein akayaandikia utangulizi. Idara za Kiajemi zilifunguliwa katika vyuo vikuu vya Cairo, Ain Shams na Al-Azhar. Hiyo ilikuwa kazi njema, na waliofanya wanastahili heshima. Hata hivyo ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa: ilimsoma mshairi aliyekufa na kumwacha mkulima aliye hai. Mwanafunzi aliweza kueleza vina vya Hafez, lakini hakuweza kueleza ni nani mwenye ardhi ya Fars wala ni nani anayeilima.

Baada ya mwaka 1979 kosa likageuka upande wa pili. Diwani ya mshairi ikafungwa, jalada la usalama likafunguliwa. Iran sasa ikasomwa kama orodha ya makombora, majina ya makamanda, na hotuba za viongozi wa dini. Wako wachache waliokataa njia hiyo. Ibrahim al-Dusuqi Shatta wa Misri aliandika juu ya mapinduzi na pia akatafsiri Mathnawi ya Rumi; mwandishi Fahmi Huwaydi alikwenda akaitazama Iran kutoka ndani; na mwaka 2001 Nevin Mossad alitoa mjini Beirut kitabu juu ya namna maamuzi yanavyofanywa ndani ya dola ya Iran. Lakini wachache hawatoshi kwa taifa lenye watu zaidi ya milioni 80.

Ni mambo gani basi ambayo jalada la usalama haliyaoni? Katikati ya miaka ya 1980 mwanamke wa Iran alikuwa akizaa kwa wastani watoto zaidi ya 6. Kufikia mwanzo wa karne hii wastani huo ulikuwa umeshuka hadi karibu 2, na serikali iliyohimiza uzazi wa mpango tangu mwaka 1989 ilikuwa ni serikali ya masheikh wale wale. Nyumba za afya zilijengwa vijijini na kuendeshwa na vijana wa vijiji hivyo hivyo. Wasichana walijaa mashuleni, na mwanzoni mwa karne hii walizidi nusu ya wanaoingia vyuo vikuu. Taifa ambalo mama yake hakujua kusoma na binti yake ni mhandisi, tena katika kizazi kimoja, haliwezi kubaki lilivyokuwa.

Kwa hiyo mwezi Septemba 2022, Mahsa Amini, msichana wa Kikurdi mwenye umri wa miaka 22, alipokufa baada ya kukamatwa na polisi wa maadili, na maandamano yakaenea nchi nzima, jambo hilo halikupaswa kumshangaza mtu aliyezisoma takwimu za shule. Lakini katika televisheni za Kiarabu wako waliotangaza kwamba dola itaanguka kesho yake, na wako walioyaita yote njama za wageni. Wa kwanza walisema wanalolitamani, wa pili wakasema waliloagizwa. Dola haikuanguka kesho yake, na hasira ya wasichana wale haikuletwa na mgeni.

Hali kadhalika katika madhehebu. Anayedai kwamba Iran ni Ushia na Ushia ni Iran hajui historia ya pande zote mbili. Shah Ismail alipoutangaza Ushia kuwa madhehebu ya dola mwaka 1501, Wairani wengi walikuwa Wasuni, na miongoni mwa wanazuoni walioitwa baadaye kuufundisha walikuwamo Waarabu kutoka Jabal Amil, katika Lebanon ya leo. Katika zama hizi nadharia ya Khomeini kwamba mwanachuoni wa sheria ndiye anayestahili kuongoza dola haikukubaliwa na Ayatollah al-Khoei, mmoja wa viongozi wakuu wa Washia duniani, aliyeishi Najaf hadi alipofariki mwaka 1992. Msomi asiyejua kwamba Washia wenyewe wamebishana vikali juu ya jambo hilo, atawezaje kumshauri waziri wa mambo ya nje? Atamshauri awachukue raia wake Washia kuwa wasaliti, na kwa ushauri huo atamtengenezea adui yake marafiki.

Wapinzani watasema: hayo yote ni ya darasani, Iran imewapa silaha makundi katika Lebanon, Iraq na Yemen, na iliisaidia serikali ya Bashar al-Assad dhidi ya wananchi wa Syria mpaka ilipoanguka mwezi Desemba 2024. Ni kweli, wala hakuna anayetakiwa kulificha. Wale Waarabu waliotekwa na mapinduzi ya mwaka 1979 hata wakakataa kuona magereza yake na vijana walionyongwa humo, waliisaliti elimu sawasawa na waliochapisha vijitabu vya nzi. Lakini kuwapo kwa hatari ni sababu ya kusoma zaidi. Daktari haachi kuuchunguza ugonjwa kwa kuwa anauchukia. Ni kwa njia gani makundi hayo yalipata wafuasi? Ni pengo gani la dola za Kiarabu ambalo Tehran iliingilia? Hizbullah ilizaliwa katika Lebanon iliyokuwa imevamiwa na Israel mwaka 1982, katika vijiji vya kusini ambavyo serikali ya Beirut ilikuwa imevisahau kwa miaka mingi. Anayemsoma Mwiraani kwa uaminifu atajikuta analazimika kujisoma mwenyewe, na huenda hiyo ndiyo sababu halisi ya watawala kuiogopa kazi hii.

Katika miaka ya karibuni zimeanzishwa taasisi mpya. Doha kuna kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 2010 ambacho huchapisha kazi juu ya Iran, na Riyadh iliundwa taasisi maalumu ya masomo ya Iran mwaka 2016. Hiyo ni hatua ya kupongezwa. Lakini mwaka 2016 ndio mwaka ambao Saudi Arabia ilikata uhusiano wa kibalozi na Iran, na tarehe 10 Machi 2023 serikali hizo mbili zilitia sahihi mjini Beijing mapatano ya kuurudisha. Kwa hiyo taasisi yo yote iliyozaliwa wakati wa ugomvi ina deni la kuthibitisha kwamba inaweza kuishi wakati wa suluhu; kwamba matokeo ya utafiti wake hayabadiliki siku mabalozi wanapobadilishana mikono. Utafiti unaogeuka pamoja na hali ya hewa ya ikulu ni bendera fuata upepo, na mtawala anayeulipia anadanganywa kwa fedha zake mwenyewe.

Mwezi Juni 2025 Israel iliishambulia Iran kwa siku 12, na Marekani ikajiunga kwa kuyapiga mabomu maeneo yake ya nyuklia. Makombora ya pande zote yalipita katika anga za nchi za Kiarabu, na tarehe 23 Juni Iran ilirusha makombora kwenye kituo cha kijeshi cha Marekani cha Al Udeid, katika ardhi ya Qatar. Kwa mara nyingine Mwarabu akawa mtazamaji wa vita vilivyopita juu ya paa la nyumba yake, akisubiri wataalamu wa nchi nyingine wamweleze jirani yake atafanya nini kesho.

Jambo hili lina mafunzo kwa walimu na watumishi wa umma wa Afrika Mashariki pia. Maneno bandari na serikali, wanayoyatumia kila siku ofisini, yana asili ya Kiajemi, na masimulizi ya Washirazi yamekuwa sehemu ya historia ya Kilwa na Unguja kwa karne nyingi. Masimulizi hayo nayo yalikaa muda mrefu mikononi mwa waandishi wa kikoloni, ambao waliyatumia kudai kwamba Mwafrika hakujenga mji wo wote. Ilibidi wasomi waitazame pwani upya ili ukweli ujulikane, kwamba miji ile ilijengwa na Waafrika wa pwani waliochanganyika na wageni. Anayekuandikia historia yako huwa na haja yake.

Zipo hatua tatu zisizohitaji mkutano mwingine wa wakuu wa nchi. Kwanza ni lugha. Katiba ya Iran, katika ibara ya 16, inaamuru Kiarabu kifundishwe katika shule zote za sekondari; hakuna katiba ya nchi ya Kiarabu inayosema lo lote kuhusu Kiajemi, ijapokuwa kinaandikwa kwa herufi za Kiarabu na kimejaa maneno ya Kiarabu. Aibu hiyo inaweza kuondolewa kwa walimu na vitabu. Pili ni jamii. Mtafiti apelekwe kwenye shamba, kiwanda, shule na soko, aandike juu ya Mwazeri wa Tabriz, Mkurdi wa Sanandaj na Mwarabu wa Ahvaz kama anavyoandika juu ya viongozi wa Tehran. Tatu ni uhuru. Mtafiti alindwe atakapoleta habari ambayo mkubwa hakutaka kuisikia, maana habari ya namna hiyo ndiyo pekee iliyostahili kulipiwa.

Waarabu na Wairani hawakuchagua kuwa majirani, na hakuna jeshi litakalowahamisha. Watawala wanaweza kuendelea kuagiza maarifa kama wanavyoagiza risasi, kutoka kwa wauzaji wale wale. Lakini vijana waliozikwa pande zote mbili za Shatt al-Arab kati ya mwaka 1980 na 1988 walikufa kwa hesabu za watu ambao hawakuwa wamesoma, na wadogo zao wana haki ya kudai kwamba safari hii hesabu zifanywe na waliosoma.